Taasisi ya Lumumba, 1965: Chama kilipoogopa wanafunzi wake

Mtu akiuliza kwa nini vyama vya Kenya havina vyuo vya kuwafundisha wanachama wao siasa, jibu analopewa mara nyingi ni kwamba wanasiasa wetu hawana itikadi, kwa hiyo hawana cha kufundisha. Jibu hilo huniudhi, maana linaruka historia. KANU, chama kilichounda serikali ya kwanza ya uhuru, kilikuwa na chuo chake papa hapa Nairobi, upande wa barabara ya Thika, chenye bodi, walimu na wanafunzi waliotoka matawini. Kilifunguliwa Desemba 1964, mwezi ambao Kenya ilitangazwa kuwa Jamhuri. Kabla mwaka uliofuata haujakwisha, chuo hakikuwepo tena.

Kiliitwa Taasisi ya Lumumba, kwa kumkumbuka Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo aliyeuawa Januari 1961. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu karibu kila kinachokwamisha elimu ya siasa ndani ya vyama vyetu leo kilijitokeza pale, tena kwa muda mfupi na mbele ya macho ya watu.

Tuanze na hali ya chama chenyewe. KANU ya 1964 ilionekana kubwa kwa nje, lakini ndani ilikuwa nyonge. Novemba mwaka huo KADU, chama cha upinzani, ilijivunja, wabunge wake wakavuka kwenda upande wa serikali, na upinzani bungeni ukaisha. Ungetarajia chama kilichobaki peke yake kiwe na mizizi. Haikuwa hivyo. Matawi ya wilaya yalikuwa mikononi mwa wakubwa wa huko huko, ada hazikukusanywa ipasavyo, mkutano mkuu wa wajumbe ulikuwa haujaitishwa kwa miaka, na makao makuu hayakuwa na ubavu wa kumwelekeza mwenyekiti wa tawi. Katibu Mkuu alikuwa Tom Mboya. Makamu wa rais wa chama alikuwa Jaramogi Oginga Odinga, ambaye Desemba hiyo hiyo alifanywa Makamu wa Rais wa nchi. Wawili hao walitofautiana kuhusu ardhi, vyama vya wafanyakazi, na nchi zipi za nje Kenya ifanye nazo urafiki.

Katika hali hiyo chuo kikazaliwa. Kwenye karatasi kilikuwa cha chama kizima: Jomo Kenyatta na Odinga ndio waliowekwa juu kabisa kama wadhamini wake, na Kenyatta hakukikataa. Kwa shughuli za kila siku mambo yalikuwa mengine. Bodi iliongozwa na Bildad Kaggia, ambaye mwaka huo alikuwa ameondoka serikalini baada ya kuhitilafiana na Kenyatta kuhusu waliokosa ardhi. Pio Gama Pinto, mwandishi na mpangaji hodari wa siasa za mrengo wa kushoto, alikuwa miongoni mwa waliokisimamisha. Fedha zilitoka kambi ya Mashariki, yaani nchi za kikomunisti, kupitia kwa Odinga na wenzake, na walimu wawili walitoka Muungano wa Kisovieti. Wanafunzi wa kwanza, wasiofika mia, walikuwa watendaji wa KANU kutoka sehemu mbalimbali za nchi, waliotarajiwa kurudi kwao na kuyapa matawi uhai.

Hapo ndipo ninapomwomba msomaji asimame kidogo. Aliyebuni wazo hilo alilenga mahali penyewe. Katika chama chochote, anayeshika matawi ndiye anayeshika uteuzi wa wagombea, na anayeshika uteuzi ndiye anayeshika Bunge la kesho. Kuwafundisha watu wa matawi ni kazi nzito kuliko kuhutubia umati Kamukunji. Mboya alilijua hilo vizuri sana, kwani yeye mwenyewe alipanda kupitia kupanga watu: vyama vya wafanyakazi, ofisi, orodha za wanachama, kozi za viongozi. Kwa hiyo upande wake ulipokitazama chuo hiki, haukuona darasa tu. Uliona watu karibu mia wanaorudi wilayani wakiwa na kauli moja na wakijuana kwa majina.

Mwaka 1965 ulianza vibaya. Tarehe 24 Februari Pinto alipigwa risasi nje ya nyumba yake Westlands, akafa. Chuo kilipoteza mtu aliyejua kuunganisha watu wa pande nyingi. Aprili ikawa mwezi wa misukosuko. Meli ya Kisovieti, Fizik Lebedev, ilitia nanga Mombasa ikiwa na silaha, na Kenyatta akazikataa. Kule Kandara, Kenyatta alimkemea Kaggia hadharani, akimuuliza amejipatia nini tangu uhuru ilhali wenzake waliofungwa naye enzi za ukoloni walikuwa wameshajijenga. Bungeni, wabunge wakapitisha hoja ya kutaka Taasisi ya Lumumba iwekwe chini ya Wizara ya Elimu. Na katika wiki hizo hizo serikali ikatoa Waraka Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, uliobeba fikra za Mboya na wachumi wake, ukieleza kwamba Kenya ingefuata njia yake yenyewe, yenye mali ya mtu binafsi, wawekezaji wa nje na serikali inayopanga. Kenyatta aliufanya kuwa neno la mwisho. Pale chuoni waraka ule ulisomwa na kukosolewa: waliofundishwa ujamaa hawakuuona ujamaa wenyewe ndani yake.

Julai ikaleta kilele. Kundi la waliopitia chuo hicho liliingia makao makuu ya KANU, likatangaza kwamba viongozi waliokuwepo wameondolewa na kwamba wao ndio viongozi wapya. Polisi wakaja, watu zaidi ya ishirini wakakamatwa na kufikishwa mahakamani, na chuo kikafungwa. Machi 1966, kwenye mkutano wa Limuru, cheo cha Odinga ndani ya chama kilifutwa na mahali pake pakawekwa makamu wanane wa mikoa. Aprili akajiuzulu na kuongoza KPU, chama kipya cha upinzani, kilichokuja kupigwa marufuku Oktoba 1969.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba chuo kilifungwa kwa sababu ya ukomunisti na fedha za kigeni. Siyakatai yote, ila hayatoshi. Solidarity House, makao ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ilijengwa kwa msaada wa AFL-CIO, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Marekani, wakati Mboya akiliongoza shirikisho hilo, na haikufungwa kwa sababu hiyo. Mamia ya vijana waliosafirishwa kwa mpango wa Mboya kwenda vyuo vya Marekani kati ya 1959 na 1961 walirudi na kupewa kazi serikalini. Kila upande wa KANU ulikuwa na mfadhili wake ng'ambo, na kila upande ulilalamikia mfadhili wa mwenzake. Kama fedha ya nje pekee ingekuwa kosa, kusingebaki mtu. Kilichokifanya chuo hiki kisivumilike ni kwamba kiligusa matawi, yaani mamlaka ya kuamua nani ni nani ndani ya chama.

Wala siwatetei waliovamia ofisi. Walivunja sheria, na waliwapa wapinzani wao sababu waliyokuwa wakiitafuta tangu Aprili. Lakini lazima tuulize walitarajiwa wafanye nini na walichokisoma. Mtu amefundishwa kwamba chama ni cha wanachama, viongozi huchaguliwa, na katiba ya chama ina uzito. Anarudi, anakuta hakuna uchaguzi wa viongozi, hakuna mkutano mkuu, na barua yake makao makuu haijibiwi. Chama kilikuwa na chuo, lakini hakikuwa na kikao cha kupokea maswali ya waliohitimu. Kwangu hiki ndicho kiini cha kisa chote, na ndicho kinachosahaulika. Elimu ya siasa ndani ya chama kisichofanya uchaguzi wa ndani hugeuka kuwa ama kasuku wa kurudia kauli za mkubwa, ama uasi. Taasisi ya Lumumba ilikataa la kwanza, ikaangukia la pili.

Vyuo vingine vya vyama Afrika wakati ule vilikuwa na kasoro zake. Kule Winneba, Ghana, taasisi ya itikadi iliyobeba jina la Kwame Nkrumah ilifungwa mara tu Nkrumah alipopinduliwa Februari 1966, maana ilikuwa yake zaidi kuliko ya chama. Chuo cha Kivukoni cha TANU, Dar es Salaam, kilichoanza 1961, kiliishi muda mrefu kwa kuwa chama na serikali vilikuwa kitu kimoja na uongozi ulikuwa mmoja. Leo ni Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichojibu swali la Nairobi: chama chenye makundi mawili yanayopingana kinafundishaje watu wake bila darasa kuwa silaha ya kundi moja?

Jibu lililonivutia zaidi limetoka Ujerumani, na si kwa sababu Wajerumani ni watu wema kuliko sisi. Limetoka kwenye kesi za mahakamani. Kule kila chama kikubwa kina wakfu wa elimu ya siasa ulio karibu nacho: Wakfu wa Friedrich Ebert uko karibu na SPD, wa Konrad Adenauer na CDU, wa Friedrich Naumann na FDP, wa Hanns Seidel na CSU, wa Heinrich Böll na chama cha Kijani, na wa Rosa Luxemburg na Die Linke. Ule wa Ebert ndio mkongwe. Ulianzishwa 1925, Wanazi wakaupiga marufuku 1933, ukafufuliwa baada ya vita. Mwaka 1966 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliamua kwamba serikali haiwezi kuvilipa vyama kwa kazi yao ya kawaida ya siasa. Elimu ya siasa ikalazimika kutenganishwa na chama, na kuanzia 1967 bajeti ya taifa ikawa inazipa wakfu hizo fedha moja kwa moja. Mwaka 1986 mahakama hiyo hiyo, katika shauri lililoletwa na chama cha Kijani, ilisisitiza kwamba wakfu lazima zijitegemee kweli kweli, zisimamie mambo yao zenyewe na zisifanye kampeni ya chama. Leo fedha hizo ni zaidi ya euro milioni 600 kwa mwaka.

Mfumo huo haukosi mgogoro. Wakfu wa Desiderius Erasmus, ulio karibu na AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia, ulinyimwa fedha, chama kikaenda mahakamani, na Februari 2023 mahakama ikasema kwamba jambo zito hivyo haliwezi kuamuliwa kwa mstari wa bajeti tu, lazima liwe na sheria. Bunge likatunga sheria mwaka huo huo: chama kiwe kimeingia bungeni kwa nguvu ya kutosha katika vipindi vitatu mfululizo, na wakfu wenyewe usiwe adui wa misingi ya katiba. Wapo wanaosema sheria hiyo ilishonwa ili kumfungia mlango mtu mmoja. Hata hivyo ona tofauti: ugomvi wa nani afundishe kwa fedha za nani ulikwenda kwa majaji, ukarudi bungeni, ukaandikwa. Nairobi ya 1965 ulimalizwa kituo cha polisi.

Wakfu hizo tunazijua hapa. Nyingi zina ofisi Nairobi, ile ya Ebert tangu miaka ya 1960 na ya Adenauer tangu miaka ya 1970. Zipo pia taasisi mbili za Marekani zilizoundwa 1983, NDI na IRI, moja ikiegemea Democrats na nyingine Republicans, na Wakfu wa Westminster wa Uingereza ulioanza 1992. Waholanzi, kupitia taasisi ya vyama vyao vingi, walisaidia kuanzishwa kwa CMD-Kenya, kituo cha demokrasia ya vyama vingi, mwaka 2004, ambako vyama vyetu huketi meza moja. Zimefanya mengi mazuri, hasa kwa wanawake na vijana wanaoingia siasa kwa mara ya kwanza.

Lakini hebu tazama kazi hiyo inavyofika kwa mwanachama. Mara nyingi ni ukumbi wa hoteli, Nairobi au Naivasha, siku mbili au tatu. Mlangoni kuna karatasi ya mahudhurio: jina, nambari ya kitambulisho, simu, kaunti, sahihi. Asubuhi ni itifaki na salamu za wakubwa, kabla ya saa sita mchana mada mbili, baada ya chakula majadiliano ya vikundi kwenye karatasi kubwa za ukutani, halafu maazimio. Nauli hutolewa mwishoni ili watu wasitoroke mapema. Wanaokuja ni wale waliochaguliwa na ofisi ya chama, na nyuso zile zile hurudi mwaka baada ya mwaka. Yule katibu wa tawi wa Mathare au Dagoretti anayesimamia foleni siku ya mchujo wa wagombea wa chama hajawahi kuitwa.

Sheria yetu yenyewe inaisukuma kazi huko. Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya 2011 inakataza chama kupokea mchango kutoka kwa asiye raia, serikali ya kigeni au shirika lisilo la kiserikali. Inaruhusu chama cha kigeni chenye itikadi inayofanana, au shirika la kigeni, kutoa msaada wa kiufundi, mradi msaada huo usiwe mali. Kwa hiyo mgeni anaweza kukuletea mwalimu, hawezi kukujengea darasa. Ninaliunga mkono katazo hilo kwa moyo wote, na nadhani kumbukumbu ya miaka ya 1960 iko nyuma yake. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tatizo ni kwamba tulizuia mlango wa nje bila kufungua wa ndani.

Na wa ndani upo. Sheria hiyo hiyo iliunda Hazina ya Vyama vya Kisiasa, inayopaswa kupata angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya taifa. Inataja elimu ya uraia miongoni mwa matumizi halali ya fedha hizo. Inataka angalau asilimia 30 ziende kuinua wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi yaliyotengwa, na inaweka kikomo cha asilimia 30 kwa mishahara na gharama za ofisi. Vyama hulalamika kwamba Hazina haipewi kiasi kamili kinachotakiwa na sheria, na malalamiko hayo ni ya haki. Ila sijaona chama kilichochukua hata sehemu ya kile kinachofika kikajenga nacho chuo cha kudumu cha wanachama, chenye bodi isiyoteuliwa na Katibu Mkuu peke yake.

Hapo kisa cha 1965 kinarudi kwa sura nyingine. Wakati ule chama kilikuwa na chuo lakini hakikuwa na uchaguzi wa ndani. Sasa hatuna chuo, na mara nyingi hatuna hata wanachama wanaojijua. Juni 2021, Msajili wa Vyama alipowezesha watu kukagua uanachama wao kupitia e-Citizen, Wakenya wengi walishtuka kujikuta wameandikwa katika vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Orodha ya namna hiyo haiwezi kuzaa darasa. Kisha msimu wa mchujo unafika, na mizozo inajaa katika jopo la mizozo ya vyama, mingi ikihusu kanuni ambazo waliogombea na waliosimamia kura hawakuwa wamezisoma.

Vijana wameshaonyesha kwamba kiu ya elimu ipo. Juni 2024 walichambua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu kwenye simu zao, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakafafanua kodi ya mkate na ya magari kwa wazazi wao. Miongoni mwa kauli zao kuu ilikuwa kwamba hawana chama. Viongozi wengi wa vyama walilisikia hilo kama tishio la usalama. Mimi nilisikia hukumu juu ya vyama: elimu kubwa ya siasa kuwahi kuonekana Nairobi kwa miaka mingi ilifanyika bila chama hata kimoja kushika chaki.

Ningepewa nafasi ya kuandika upya hati ya kuanzisha Taasisi ya Lumumba, ningebadilisha mambo machache tu. Bodi ingetoka pande zote za chama, na hakuna afisa wa chama anayegombea cheo ambaye angekaa humo. Fedha zingetoka kwa umma, kwa asilimia iliyoandikwa kwenye sheria, kwa kila chama kinachostahili, ili hakuna kundi linaloweza kudai kwamba chuo ni chake kwa kuwa limelipa. Wageni wangekaribishwa kufundisha, nao Warusi, Wajerumani na Wamarekani wangesikilizwa kwa usawa. Mtaala ungeanza na katiba ya chama na hesabu za tawi, kabla ya falsafa. Na fedha zisingetolewa kwa chama ambacho hakijafanya uchaguzi wa matawi ndani ya muda uliowekwa, kwa sababu darasa lisilo na kikao cha kurudi nacho tumeshaona linakoishia. Sharti hili la mwisho ndilo litakalopingwa zaidi na wenye vyama, na ndilo ningelipigania hadi mwisho.

Yote hayo yanahitaji marekebisho ya sheria, na marekebisho hupitishwa na wabunge waliofika walipo kwa mchujo huu huu tulio nao. Lakini kuna hatua isiyohitaji Bunge. Fedha za Hazina ni za umma na hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu, na ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari. Mwanachama wa wadi yoyote ya Nairobi anaweza kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa chama chake, nakala kwa Msajili, akiuliza ni shilingi ngapi za Hazina zilizotumika kwa elimu ya uraia mwaka jana, zilitumika wapi, na nani kutoka tawi lake alihudhuria. Barua hiyo iandikwe kabla ya mchujo wa 2027, wakati chama bado kinamhitaji aliyeiandika.